Likizo ya Mrushaji Hollins

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Baridi. Chai bila sukari. Mke wangu Ndaya amesahau, au amefanya kusudi. Nimefungua daftari jipya kwa sababu wiki hii ni ya kuandikwa.

Mambo ni haya. Bijou, binti wa kaka yangu Lazare, anaposwa. Familia ya mchumba inakuja Jumamosi ya tarehe 21, na lazima mtu asimame kusema kwa niaba yetu. Lazare yuko Amerika mwaka wa saba sasa, anapanga masanduku ghalani. Kwa hiyo wa kusimama ni mimi, mdogo wake, tumbo moja. Nani mwingine? Miaka ishirini na miwili nimeandika ndoa za watu katika rejista ya serikali, na hata siku moja sijasimama kusema kwenye ndoa ya kwetu. Hotuba yangu iko tayari tangu Bijou alipokuwa darasa la nne.

Lakini yupo Bokungu! Mume wa dada yetu Émerence. Ajida mstaafu wa kambi ya jeshi, mtu wa mkoa wa Équateur, viatu vinang'aa hata wakati wa vumbi. Anasema Bijou amelala kwake miaka yote saba, amekula kwake, amesoma kwake, kwa hiyo neno ni lake. Mtu aliyekuja kuoa kwetu ndiye atoe binti yetu!

Jana tulimpigia Lazare sote wawili, kwa zamu, mara tisa. Akachoka. Akakata hukumu: katika ligi yake ya besiboli, wiki hii mimi nakutana na Bokungu, na atakayeshinda ndiye atakayesema. Kisha akakata na simu.

Ligi yenyewe ni ya Wakongo wanane wa pale ghalani. Wawili walihamia mji mwingine mwezi wa nne, Lazare akatupa nafasi zao, mimi na Bokungu, ili tuache kumpigia kila siku. Kila mtu anachagua wachezaji wa kweli na kuwapanga katika timu yake ya kwenye simu. Wao wakicheza vizuri kule, sisi tunapata pointi huku. Hatuwaoni, hawatujui, tunasoma majina yao tu kwenye orodha. Ni kazi ya ofisini kwangu kabisa. Nitashinda.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Wanacheza tukiwa tumelala, matokeo tunayakuta asubuhi. Bokungu 31, mimi 26. Si kitu.

Nimetengeneza rejista. Ukurasa mmoja kwa kila mchezaji: jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali, hali ya ndoa, uzito. Jina la mama halipatikani popote! Watu wanajua mtu amepiga mipira mingapi usiku na mingapi mchana, lakini mama yake hawamjui. Nimeacha nafasi wazi.

Wachezaji wangu wote ni wa Korongo, timu ya mji wa Lazare. Wenzangu wanachanganya, huyu wa kaskazini, yule wa kusini. Mimi nimechukua ukoo mmoja. Lazare alisema ni ujinga, maana siku Korongo wakipumzika timu yangu yote inapumzika. Nikamjibu kwamba familia hupumzika pamoja.

Nimejifunza leo. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu na kumrushia mpira mpigaji, ambaye ana rungu. Mpigaji akiupiga vizuri, anakimbia vituo vitatu kisha nyumbani. Kweli, wanapaita nyumbani! Mtu anazunguka kote kule ili arudi pale pale alipoanzia, na akifika wanamshangilia. Nilipenda sana. Nilimwandikia Lazare nikamwuliza yeye amefika kituo cha ngapi. Akasema mtandao unasumbua.

Tena kuna wizi. Mchezaji anaiba kituo mbele ya watu elfu thelathini, waamuzi wapo, na anapewa pointi! Quiroz wangu ameiba mara kumi na tisa tangu Aprili. Nilisita. Halafu nikajaza ukurasa wake: kazi, mwizi.

Saa kumi nilikwenda kuchaji simu kwa Albert, mwenye paneli za jua. Bokungu alikuwa pale, amekaa wima kwenye benchi. Akili ikanijia. Nikamwambia Albert kwa sauti ya kusikika mpaka stesheni kwamba yule mpigaji mkubwa, Brandt, amevunjika mkono, maskini, mwaka wake umekwisha. Brandt ni wa Bokungu. Bokungu hakugeuza hata shingo. Akatoa simu yake na kuanza kubonyeza.

Amemtoa Brandt! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Brandt hakupiga kitu. Yule aliyewekwa mahali pake alipeleka mpira nje ya uwanja mara mbili. Bokungu amenitumia ujumbe wa kunishukuru kwa habari.

Lakini Mungu yupo. Hollins, mrushaji wangu, wa kwanza katika rejista, aliangusha wapigaji kumi na mmoja. Pointi 33 peke yake! Mimi 71, Bokungu 58. Na warushaji hupumzika siku nne, kwa hiyo Hollins atapanda tena kichuguu Jumapili, siku ya mwisho.

Nimemweleza Ndaya yote haya. Akauliza kama mrushaji Hollins anaweza kuja kufunika paa la jikoni.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Habari nzito. Niandike polepole.

Asubuhi nilifungua orodha ya Korongo, kama kawaida, kabla hata ya kunawa. Jina la Hollins halipo mahali pake. Limehamishwa kwenye orodha ndogo, chini kabisa, ambayo sijawahi kuiona: orodha ya waliopata mtoto! Nilitafuta zaidi, mega za mtandao zikaisha, nikaazima kwa jirani. Mke wa Hollins amejifungua. Mapacha!

Nilikaa chini. Hollins ni Shamapasa.

Watu wa kule Amerika hawawezi kuelewa maana yake, lakini mimi ni Mluba, nimezaliwa hapa. Baba wa mapacha haendi kazini hivi hivi. Lazima apakwe udongo mweupe, yeye na mama yao. Lazima watu wa pande zote mbili waje, wapige ngoma, waimbe zile nyimbo ambazo siwezi kuziandika humu kwa sababu Ndaya anasoma daftari langu. Kyungu na Kabange, ndivyo mapacha wanavyoitwa kwetu, hawapokelewi kwa haraka. Mjomba wetu alipopata mapacha alikaa mwezi mzima bila kushika jembe, na alipojaribu kulishika kabla ya wakati, mmoja akashikwa na homa. Hollins hatarusha Jumapili. Hatarusha mpaka katikati ya Julai!

Nikaona nafasi. Kwenye simu viti vya warushaji ni vitano tu. Kwa nini nikalie kiti kisicho na mtu? Hivi ndivyo mtu anavyosoma orodha kwa akili. Wengine wanaona jina, mimi naona nyumba nzima, na wageni mlangoni.

Ndaya alisema nimwulize Lazare kwanza. Kule walikuwa wamelala. Akasema tena, "Ule muntu haiko Muluba, weye Mbayo." Nikamjibu kwamba mapacha ni mapacha. Saa mbili na dakika kumi nilimtoa Hollins na kumchukua kijana anayeitwa Pruett, ambaye hajaoa.

Saa mbili na dakika kumi na nne Hollins alikuwa kwenye timu ya Bokungu.

Nimecheka mpaka machozi. Amebeba mtu ambaye hatatoka nyumbani!

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mimi 112, Bokungu 97.

Bokungu alipita ofisini kwangu kunishukuru tena. Ananishukuru mno siku hizi. Nilimhurumia nikamweleza, kama mtu mzima, mambo ya Shamapasa. Alisikiliza amesimama, mikono nyuma. Kisha akasema, "Bokilo, shemeji yangu, ku jeshi mutoto akizaliwa wanakupa permission shiku tatu. Wakizaliwa wawili, iko shiku tatu. Wakizaliwa kumi, iko shiku tatu." Akapiga saluti, akaenda zake.

Nilimcheka. Askari anaona kambi kila mahali.

Kabla ya chakula nikasoma tena maandishi madogo yaliyo chini ya ile orodha. Niliyasoma mara nne. Siku zisizozidi tatu.

Siku tatu! Kwa watoto wawili! Hivi hawana mashangazi kule? Nani ataimba? Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili ni zamu yake ya kupanda kichuguu. Nimekosa hamu ya chakula, Ndaya amekula sehemu yangu.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mtu asiye na mpango ni Pruett, si mimi. Pruett jana aliwarushia wapigaji watano wakafunga wote, nikapunguziwa pointi. Sikujua kwamba pointi zinaweza kupunguzwa. Jambo la kushangaza sana, nimeliandika katika ukurasa wake.

Mpango: kama Hollins hajui wajibu wake, ajulishwe. Nilikwenda ofisini, hakuna mtu siku ya leo, nikapiga chapa hati kamili. Mimi niliyeweka sahihi hapa chini nathibitisha kwamba bwana Hollins, mrushaji, ameolewa, nikafuta, ameoa, na amepata watoto wawili kwa mara moja; kwa hiyo haruhusiwi kushika mpira, jembe wala kifaa chochote hadi tarehe 12 Julai, kwa afya ya watoto hao. Mhuri wa duara. Mhuri wa mraba. Sahihi. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye ukurasa wa Korongo pale wanapoandika mashabiki.

Kusema kweli, nilipokuwa naandika neno afya nilishtuka. Sikuwa naongopa. Watoto wale wamezaliwa juzi, na baba yao anakwenda kurusha mpira. Nilijiuliza analala wapi, nani anambeba wa pili mama akimbeba wa kwanza. Kwa dakika nzima nilimsahau Bokungu.

Jioni nilipata majibu. Nyuso za kucheka mia nne na tisa. Mzee mmoja ameandika kwamba na yeye ni pacha na anakubaliana nami. Na timu yenyewe imenijibu, kwa heshima, ikinialika kununua kofia yao.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Misa ya kwanza. Nimeombea afya ya watoto wa Hollins, na baba yao ajaliwe moyo wa kukaa nyumbani. Padri alinishukuru kwa kukumbuka familia changa.

Mimi 141, Bokungu 130. Pointi kumi na moja mbele! Leo ndiyo mwisho. Nimeisoma hotuba yangu mbele ya kioo. Nzuri sana. Inaanza na babu zetu na kufika kwa Bijou baada ya dakika arobaini.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Hollins alirusha. Duru nane, hakuna hata mmoja aliyeupiga mpira wake vizuri. Pointi 41. Wanasema alikuwa na usingizi machoni na alicheka muda wote, na alipomaliza aliandika herufi mbili kwenye mpira akauweka mfukoni.

Bokungu 171, mimi 149.

Ujumbe wa Lazare una neno moja: Bokungu.

Nimemwona dada Émerence sokoni. Sikusubiri salamu, nilidhani atanicheka. Hakucheka. Alinishika mkono akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akauliza kama nimekula. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, mtu wa miaka hamsini na mitatu, nikijifuta uso.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Ile hati imefika ofisini. Nani ameileta sijui, dunia ni simu. Chef, mkubwa wetu wa kazi, amechukua mihuri yote miwili na kuifungia kabatini kwake. Sasa nikitaka kumsajili mtoto lazima nigonge mlango wake. Wenzangu wananiita Shamapasa. Mama mmoja aliyekuja kuandikisha mtoto alisikia hivyo akanipongeza, akataka kuwaona watoto.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Mpango wa mwisho. Nimemtumia Bokungu samaki wa Mulongo, wa moshi, kwa mikono yangu nimewapika na pilipili kumi na nane. Mtu akila hao, kesho hana sauti. Na msemaji bila sauti hasemi, anayefuata ni mimi.

Saa kumi na moja sahani imerudi. Safi, imeoshwa. Bokungu anauliza kama wamebaki.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Ndaya alinipigia koti pasi. Nilikaa mstari wa kwanza, hotuba mfukoni, kama mtu aliyebeba tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka.

Waliingia saa tano, watu kumi na wanne. Mbele yao Monga, baba mdogo wa mchumba, fundi wa zamani wa reli, tumbo mbele, sauti ya kengele. Akasema wamepita, wameona ua zuri, wameshindwa kuendelea na safari. Maneno yanayojulikana, lakini aliyasema vizuri. Zamu yetu.

Bokungu akasimama. Viatu! Alianza taratibu. Akasema Bijou alifika kwake akiwa na miaka kumi na mitano, na begi moja, na kwa miezi mitatu hakuongea ila na mbuzi. Akasema yeye alikuwa anamwamsha kwa filimbi kama askari, maana hakujua namna nyingine, mpaka siku moja mtoto akaanza kuamka kabla ya filimbi na kumletea yeye chai. Ajida Bokungu akatoa leso mbele ya wageni! Émerence akatazama chini. Mimi niliona aibu, niseme wazi. Miaka saba niliishi mitaa miwili kutoka pale, na hiyo habari ya mbuzi sikuijua.

Halafu akanigeukia. Akasema, "Kushinda, nimeshinda. Inanitosha miye. Lakini kutoa mutoto, ile neno njo ya baba yake mudogo. Mbayo, simama."

Nilisimama. Karatasi ilikuwa mkononi, sikuona hata mstari mmoja. Babu zetu wote walinikimbia. Nikasema tu kwamba huyu ni mtoto wa Lazare, amelelewa na Bokungu na Émerence, na mimi ndiye nitakayemwandika katika rejista kwa mkono wangu, na hakuna jina nililowahi kuandika kwa furaha kama hiyo. Nikasema wasimwamshe kwa filimbi. Nikakaa. Dakika mbili! Wanawake walipiga vigelegele, Bijou analia, Monga analia. Lazare kwenye simu ya Ndaya analia, mara hii mtandao haukumsumbua.

Siku nzuri kuliko zote. Nimemkumbatia Bokungu mbele ya watu. Nimemwomba msamaha kwa Brandt, kwa pilipili na kwa mengine ambayo hakuwa anayajua. Nimeapa mbele ya Ndaya: mambo ya familia sitayaweka tena kwenye orodha ya michezo, maisha yangu yote.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Niandike haraka kabla Ndaya hajarudi kutoka Misa ya pili.

Jana, tulipokuwa tunakula, nilikaa karibu na Monga. Mtu mwema sana, tumeelewana mara moja. Akasema kwa mila mtoto wa kwanza wa Bijou ataitwa jina la upande wao. Nikasema ndiyo, kweli, lakini Lazare yuko mbali, na babu yetu hana aliyerithi jina lake. Hatukugombana. Tulijadiliana tu kama wakwe. Na hapo Monga akataja kwamba mdogo wake aliyeko Montréal ana ligi, watu sita, si besiboli. Ni magongo, wanacheza juu ya barafu, wamevaa visu miguuni, na kile kigae kigumu wanachokipiga huruka mpaka usoni. Juu ya barafu! Niliuliza maswali saa nzima. Kwa nini hawaanguki? Nani anaigandisha? Bokungu alinikanyaga mguu chini ya meza mara mbili, nadhani kwa bahati mbaya.

Tumekubaliana. Msimu unaanza Oktoba. Atakayeshinda, upande wake ndio utakaotoa jina. Bijou ataambiwa baadaye, ana mambo mengi sasa.

Si mchezo wa bahati, nimekwisha kuuchunguza. Asubuhi hii nimeangalia picha za wachezaji wote wa timu moja, uso kwa uso. Wengi ni vijana wenye meno yote, hao niliwaacha. Lakini saba hawana meno ya mbele kabisa. Ni wazee! Wametulia, wamezoea kazi, hakuna kijana atakayethubutu kuwasukuma. Nimewaandika wote saba.